Kiondo cha Kariokor kwa mwalimu wa mtoto

Kwa zawadi za kufunga mwaka wa shule, soko la Kariokor jijini Nairobi linayashinda maduka ya kadi na vikombe. Vikombe mwalimu anavyo tele. Kiondo, yaani kikapu cha kusuka chenye mikanda, atakibebea madaftari ya kusahihisha. Kwa hiyo chagua chenye kitako kipana, daftari likae bila kukunjika. Mkonge halisi hukwaruza kiganja kidogo, nyuzi za plastiki huteleza. Sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikichafuka, kiondo hicho kitaharibu nguo za mwalimu.

Kasoro kubwa ni mikanda. Iliyoshikiliwa kwa ribiti moja tu hung'oka kwa uzito wa vitabu. Mafundi wa ngozi wamo humo humo sokoni. Mwombe mmoja aongeze mshono wa uzi mzito, na umpe muda, usimjie jioni ya mwisho.

Dereva wa basi la shule anafaa mshipi wa ngozi. Ukunje kwanza: ukipasuka juu kama rangi kavu, si ngozi.

Pesa taslimu usimpe mwalimu, hasa kabla ya ripoti kutoka. Zinafanana mno na hongo.