Miezi minane na walinzi wenye bunduki Kirumba: tathmini ya huduma

Mfanyabiashara wa mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo, hapa Mwanza huishi na mali nyepesi kubeba na nzito kwa thamani, na ndiyo maana wengi wetu wenye maghala karibu na mwalo wa Kirumba, ufukwe wa kushushia samaki, huajiri walinzi wenye bunduki. Nimekuwa mteja wa kampuni mbili za ulinzi katika kipindi cha miaka mitatu, na tathmini hii inahusu ile ya pili, ambayo nimekaa nayo miezi minane sasa. Sitaitaja kwa jina, wala ile ya kwanza, kwa sababu kutangaza ni nani anayelinda ghala langu ni kumrahisishia kazi mwizi. Nitaeleza huduma yenyewe kwa undani, ili mwenye ghala, duka la jumla au kituo cha mafuta aweze kuipima kampuni yoyote atakayoiendea.

Tunapokwenda kuingia mkataba, wengi wetu huuliza bei na kama bunduki ni nzima. Mimi nilijifunza kwa uchungu kwamba swali kubwa ni jinsi mlinzi anavyoishika bunduki hiyo mbele ya mtu asiyemfahamu anayemtukana. Siku moja mchana, mlinzi wa kampuni ya kwanza alikwaruzana na kijana mpagazi aliyeegesha mkokoteni mbele ya lango. Kijana alimjibu jeuri, na mlinzi akakoki bunduki. Mlio ule wa chuma ulisikika hadi kwa mama lishe wa upande wa pili wa barabara, ambaye alimnyakua mtoto wake na kukimbilia nyuma ya lori, akaacha sufuria ya wali ikiungua jikoni. Hakuna risasi iliyotoka, lakini kwa wiki nzima wapagazi walikataa kupakia mzigo wangu, nami sikuwalaumu. Nilipokwenda kulalamika ofisini niliambiwa kwamba mlinzi alikuwa ameonyesha uimara. Mwisho wa mwezi ule nilivunja mkataba.

Kampuni ya pili ilinivuta kwa jambo ambalo sikuwahi kuona likifanywa: kabla sijasaini chochote, msimamizi wao alinialika nikatazame mafunzo katika uwanja wanaoutumia huko Nyakato. Mkufunzi, ambaye ni mwanajeshi mstaafu, alichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya saruji mbele ya miguu ya mlinzi, akapima umbali wa mita sita na nusu hivi, akachora mwingine. Mlinzi alikuwa na bunduki ya mti iliyoning'inia begani kwa mkanda. Mwenzake, aliyesimama kwenye mstari wa pili, alishika kipande cha chaki badala ya kisu. Mkufunzi alipopiga makofi, yule wa chaki alikimbia, na kabla mtutu haujainuka shati la mlinzi lilikuwa na mstari mweupe kuanzia kifuani hadi tumboni. Walirudia mara nne na mara zote shati lilichafuka.

Baadaye nilitambua kwamba zoezi hilo lina asili yake Marekani. Mwaka 1983, Dennis Tueller, sajenti wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kwamba mtu mwenye kisu anaweza kuvuka futi 21, yaani takriban mita 6.4, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda unaolingana na ule ambao askari anauhitaji ili achomoe bastola na kufyatua. Kule, ambako majimbo mengi yanamruhusu raia wa kawaida kutembea na bastola kiunoni ikiwa inaonekana, Texas ikiwa miongoni mwao tangu mwaka 2016, wapo waliokigeuza kipimo hicho kuwa ruhusa ya kumpiga risasi kila anayesogea. Mkufunzi wa Nyakato alikitumia kufundisha kinyume cha hapo: kwamba bunduki iliyo begani haimsaidii mtu aliyekwisha kuuacha ugomvi umfikie karibu, na kwa hiyo kazi ya mlinzi huanza mapema, kwa kurudi nyuma hatua mbili, kuweka kitu katikati, iwe meza, gari au lango, na kuanza kuzungumza wakati yule mtu angali mbali.

Walinzi walifundishwa pia namna ya kusimama. Bega lenye bunduki hugeuzwa upande wa pili, mbali na mtu anayekuja, mtutu ukitazama chini na kidole kikiwa nje ya kifyatulio, huku mkono mwingine ukiwa wazi usawa wa kifua, kwa kuwa silaha ikiporwa mwaloni haitakuwa tena hatari ya mlinzi peke yake. Kisha yakaja maneno. Mkufunzi alikuwa na orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku lindoni, kama vile "Unanijua?", "Thubutu!" na "Sogea uone", na kila mlinzi aliyeteleza alilazimika kuanza zoezi upya. Badala yake walitakiwa kumwita mtu kwa heshima ya umri wake, na kama ni mkubwa kwao, kumwamkia shikamoo hata kama amefika akitukana. Nakiri kwamba wakati ule niliona jambo la shikamoo ni dogo mno kuweka kwenye mafunzo ya silaha.

Sheria waliifundisha kwa kuulizana maswali ana kwa ana, na majibu yao yalinipa moyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kutetea mali, lakini kwa nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kuizuia hatari iliyopo. Tusi, hata liwe la mama mzazi, si hatari ya namna hiyo. Silaha zenyewe zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mlinzi wa kampuni si polisi, na akimkamata mtu kwa nafasi yake ya raia anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kijana mmoja alipojibu kwamba mtu akikataa kuondoka langoni anaweza kupigwa risasi ya mguu, mkufunzi alimtoa kwenye mstari na kumwambia arudi wiki ijayo.

Huduma yenyewe niliiona ikifanya kazi jioni moja ya mwezi Machi, magari ya dagaa yakiwa yanapakiwa na barabara ikiwa tope tupu kwa mvua. Mwanamume wa makamo ambaye sikuwahi kumwona alishuka kwenye bodaboda akiwa na karatasi ya mizani iliyokunjamana mkononi, akaja moja kwa moja langoni akipaza sauti kwamba ameibiwa kilo mbili za mabondo na haondoki bila hela yake. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya dirisha la nondo, hatua kama kumi kutoka hapo. Mlinzi, kijana wa miaka isiyozidi thelathini, alirudi nyuma, akaligeuza bega lenye bunduki kuelekea ukutani, akainua kiganja cha kushoto na kusema, "Shikamoo mzee." Yule mtu alikuwa katikati ya tusi, lakini alijibu, "Marahaba," kwa sababu ulimi wa mtu aliyelelewa huku huitikia kabla hajawaza. Aliendelea kutukana baada ya hapo, ila sauti ilikuwa imeshuka, na ndipo nilipoelewa kile ambacho mkufunzi alikuwa akikitafuta.

"Nimekusikia mzee wangu, kilo mbili si kitu kidogo," mlinzi alisema. "Ila leo humu hatujapima mzigo wa mtu. Mwenye ghala yupo, nitamwita ukienda pale kwenye benchi."

"Unanipangia pa kusimama kwa kuwa umeshika bunduki? Nipige basi! Nipige!" Alifungua vifungo vya shati na kuonyesha kifua.

"Siwezi kukupiga mzee, hujanikosea kitu. Naomba tu ukae benchi nimwite bosi."

Mwanamume alinyoosha mkono kutaka kuukamata mkanda wa bunduki. Mlinzi hakushindana naye. Aliingia kwa kinyumenyume kupitia mlango mdogo ulio kwenye lango kubwa, akaufunga na kusukuma komeo, kisha akaita msimamizi kwa redio huku akiendelea kumtazama mgeni kupitia nondo. Bunduki haikukokiwa. Dereva wa bodaboda alikuwa amekwisha kutoa simu na kurekodi, na mlinzi hakumkataza wala hakuficha uso.

Hatari kubwa zaidi ilitokea upande ambao sikuutarajia. Watu walikuwa wamekusanyika, na mmoja nyuma yao akauliza kwa sauti kama huyo ni mwizi. Kila anayeishi mjini hapa anajua neno hilo linaweza kumfanya nini mtu asiye na ndugu mahali hapo, tena jioni, tena mbele ya wapagazi waliochoka. Mlinzi alisogea karibu na nondo na kutangaza kwa nguvu zaidi kuliko alivyokuwa amesema lolote tangu mwanzo: "Huyu si mwizi! Ni mzee mwenye dai lake, tunamsikiliza!" Alirudia mara mbili, na watu wakalegea. Nilitoka wakati huo na kuiomba karatasi. Ilikuwa ya ghala jingine, la tatu kutoka kwangu, ambalo lango lake limepakwa rangi ya bluu kama la kwangu. Yule mzee, aliyetoka Ukerewe asubuhi hiyo kwa meli, alikaa kwenye benchi na kushika kichwa, mguu mmoja ukiwa mtupu. Kandambili yake ilikuwa imenasa kwenye tope mbele ya lango; mlinzi aliichomoa na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Jirani yangu mmoja alisema baadaye kwamba risasi moja hewani ingemaliza jambo mapema. Nilimpelekea mlinzi hoja hiyo, naye akanionyesha kwa kidole mlima ulio nyuma ya ghala, ambako nyumba zimepandana juu ya miamba hadi kileleni, mabati yakimeta. Katika mji kama huu risasi inayopigwa juu huangukia paa la mtu. Bunduki zao ni shotigani, ambazo marisau yake, yaani vigololi vya ndani ya risasi, hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, na yakigonga jiwe hubadili njia. Na Mwanza ni mji wa mawe. Nilisoma pia daftari la matukio la siku ile, ambamo aliandika mistari mitano inayosomeka vizuri: saa, maneno aliyoambiwa, maneno aliyojibu, majina ya mashahidi wawili, na sentensi isemayo kwamba silaha haikushushwa begani. Kampuni inayomfundisha mlinzi wake kuandika sentensi hiyo inastahili kulipwa.

Kasoro nazo zipo, na baadhi si ndogo. Mkataba unasema msimamizi atafika ndani ya dakika 15 akiitwa. Jioni ile alifika baada ya dakika 40, mzee akiwa amekwisha kuondoka, kwa sababu pikipiki moja inahudumia malindo yote kuanzia Igoma hadi Pasiansi. Kama mgeni yule angekuwa na panga badala ya karatasi, lango na utulivu wa kijana mmoja ndiyo yangekuwa kinga yetu yote. Jambo la pili linaniudhi zaidi. Mwezi Mei mlinzi huyo alihamishwa bila mimi kuarifiwa, akaletwa mwingine, mwenye nidhamu lakini mgeni kabisa mwaloni, ambaye siku ya kwanza alimzuia mama lishe anayetuletea chakula kila siku na kumhoji mjumbe wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kana kwamba ni mtuhumiwa. Mlinzi asiyewajua watu wa eneo lake humwona kila mtu kuwa mgeni mkorofi, na mafunzo ya Nyakato hayawezi kuziba pengo hilo kwa siku moja.

Tena kuna suala la saa za kazi. Walinzi hawa husimama saa 12 kwa zamu, ambao ndio ukomo ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauweka kwa siku moja pamoja na saa za ziada, na saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Nilipokagua ratiba ya lindo langu niliona majina yaleyale siku sita mfululizo, na nilipouliza kuhusu malipo ya saa za ziada sikupewa jibu lililonyooka. Naliweka hili kwenye tathmini ya silaha kwa makusudi. Uvumilivu niliouona Machi unatoka kwa mtu aliyekula na kulala, na mteja anayelipia mlinzi mwenye bunduki ana haki ya kujua kama mtu huyo amelala. Kwa upande wetu, tumeanza kumpa mlinzi wa usiku chakula cha jioni na chai ya saa nane, gharama ambayo haikutosha hata kuniumiza.

Kwa bei, ninalipa shilingi 180,000 zaidi kwa mwezi kwa kila lindo kuliko nilivyolipa kampuni ya kwanza, na kwa mafunzo niliyoyaona sioni kuwa nimepunjwa. Vifaa ni vya wastani: makoti ya mvua yanavuja mabegani na tochi mbili kati ya tatu zilizoletwa hazikudumu miezi mitatu. Ofisi inapokea simu mchana; usiku wa manane nimepiga mara mbili bila kujibiwa.

Mkataba wangu unaisha mwezi Septemba. Nimewaandikia kwamba nitauongeza kwa mwaka mmoja ikiwa watakubali kuandika humo taarifa ya siku saba kabla ya kumhamisha mlinzi, pikipiki ya pili kwa upande wa Kirumba, na ratiba ya zamu nitakayoruhusiwa kuikagua kila mwezi. Masharti mawili ya kwanza wameyakubali, na la tatu wameomba muda wa kulijadili.