Nilimuuliza Swali Moja Tu: Kuna Dawa Humu?

Duka lenyewe ni la vyakula vya mifugo, huku kwetu Pwani ya kusini. Jina sitalitaja, kwa sababu siandiki ili kumfungia mtu riziki. Lakini kunyamaza nimeshindwa. Miezi imepita na bado kila nikishika ndoo ya Zuhura hasira inarudi upya.

Zuhura ni farasi wangu jike. Ana miaka 26. Kawabeba wageni ufukweni Diani asubuhi na jioni, kaskazi na kusi, na watoto wangu watatu wamesoma kwa mgongo wake. Sasa mgongo huo umebonyea na sitaki mtu aukalie tena. Wapo walioniambia nimuuze. Sikuwajibu.

Masika yaliyopita nilimwona anakonda. Kwanza nikadhani ni manyoya yamelowa mvua yakamlalia mwilini. Jua lilipotoka nikaziona mbavu, nikazihesabu nikiwa nimesimama mbali, na mifupa ya nyonga imetokeza hata ungeweza kutundika kofia. Hapa Kwale ukisema mnyama amekonda, mtu wa kwanza atakuambia ni ndorobo, ule ugonjwa wa damu unaoletwa na mbung'o, na ana haki, maana mbung'o wa Shimba Hills tunawajua. Nikamwita daktari wa mifugo kutoka Mombasa. Akachukua damu, akapima, damu safi. Minyoo nayo nilikuwa nimempa dawa si muda mrefu. Ndipo akatoa chuma cha kutanulia kinywa, akanipa tochi, akaniambia, "Mzee, njoo uone mwenyewe."

Niliona. Magego mawili hayapo. Jino lililokuwa likisagana na lile lililong'oka limerefuka mpaka limeingia kwenye pengo. Pembeni kuna ncha kali, na ndani ya shavu kidonda kirefu kama kimekwaruzwa na msumari. Daktari akanieleza kwamba jino la farasi huchomoza kutoka kwenye ufizi milimita 2 hadi 3 kila mwaka, maisha yake yote, huku majani yakilila. Anapofika umri wa Zuhura, akiba iliyomo ndani ya taya inakuwa imekaribia kwisha. Alizisugua zile ncha kwa tupa yake ndefu, lakini jino lililokwisha hakuna wa kulirudisha.

Kitu kilichoniuma ni kwamba dalili nilikuwa nikizikanyaga kila siku. Chini ya hori yake kulikuwa na matonge ya majani, marefu kama kidole, yametafunwa nusu, yamelowa mate, kayatema. Mimi nikayafagia nikidhani anachezea chakula. Mwenye farasi mzee akiyaona matonge hayo asifagie tu. Mnyama huyo ana njaa na hori yake imejaa.

Basi daktari akaniandikia kikaratasi. Tumpime kwanza. Mizani ya farasi hatuna, kwa hiyo unazungusha utepe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unazidisha sentimita hizo kwa zenyewe, unazidisha tena kwa urefu wake kutoka bega hadi tako, kisha unagawanya kwa 11,880. Kifua chake kilikuwa 165, urefu 150. Ikatoka kama kilo 344. Chakula kikavu cha siku kiwe karibu asilimia 2 ya uzito huo, yaani kilo 7 hivi, na kwa kuwa hawezi kusaga, kisagwe na kilowekwe kabla ya kufika mdomoni. Mwisho wa kikaratasi akapiga mstari chini ya maneno haya: chakula chochote kilichochanganywa kiwandani, uliza kama kina dawa.

Na hapa ndipo duka linapoingia.

Nilifika saa nne asubuhi. Kijana wa kaunta alikuwa ameinamia simu. Nikatoa salamu, hakuitikia. Nikarudia, akanyanyua kidevu. Nikamwambia, "Mwanangu, nina farasi mzee, amekonda, meno yamekwisha. Nataka cha kumrudishia mwili." Akanionyesha kwa kidole gunia lililofunguliwa, mdomo wake umekunjwa nje, kopo la kupimia limechomekwa juu.

"Hicho."

"Si cha ng'ombe hiki?"

"Mzee, ng'ombe anakula nyasi, farasi anakula nyasi. Tofauti iko wapi?"

Tofauti ipo, na mtu anayeuza chakula cha mifugo angepaswa kuijua kabla hajakabidhiwa ufunguo wa duka. Lakini sikutaka kumsomesha. Nikauliza swali la kikaratasi, kwa upole kabisa: "Kuna dawa humu?"

Hakunyanyua macho. "Mzee, unanunua ama hununui? Kuna watu nyuma yako."

Nyuma yangu kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, kaja kununua chakula cha vifaranga, kakunja noti yake mkononi. Mtoto yule alinitazama kwa haya, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Kijana akaongeza, huku akiteka, "Na farasi wa umri huo mnampa chakula kweli? Unatupa pesa tu."

Nilinunua. Kilo 20. Nyumbani ndoo ilikuwa tupu na nilishalipa nauli, nikachukua mfuko nikatoka. Hilo la pesa lilinichoma njia nzima. Ningetupaje pesa kwa mnyama aliyenipa hizo pesa?

Jioni nikampa kata mbili kwa maji ya uvuguvugu. Zuhura akanusa. Akatia mdomo wa juu tu, akautoa, akaukunja. Kisha akaisukuma ndoo kwa pua mpaka ikaanguka. Nikamkaripia. Asubuhi nikampa tena, akageuka akanipa tako. Farasi huyu hajakataa chakula tangu nimjue, hata maganda ya embe hula.

Binti yangu ndiye aliyetia shaka. Akarudi dukani akaomba gunia tupu la chakula kile, eti la kuwekea makaa. Akapewa na msaidizi wa nyuma. Kwenye ule mshono wa mdomo wa gunia huwa kuna karatasi imeshonewa, watu wengi tunaichana bila kuitazama. Akaninyooshea juani akanisomea, herufi ndogo za Kiingereza: cha ng'ombe peke yake, kina monensini, asipewe farasi.

Nilikaa chini pale pale uani.

Daktari nilimpigia simu na sauti ikawa inanikwama. Monensini ni dawa wanayochanganyiwa ng'ombe wa kunenepeshwa ili matumbo yao yatumie chakula vizuri zaidi, na kuku huwekewa kwa ajili ya koksidia, ule ugonjwa wa matumbo unaowaharisha. Ng'ombe anaihimili. Kuku anaihimili. Farasi haihimili. Kwake inakwenda kwenye misuli, na misuli ya moyo ndiyo inayoharibika, kwa kiasi kidogo sana, wala hakuna dawa ya kuiondoa. Anayeponea anaweza kubaki na moyo mbovu. Daktari akasema farasi wengi huanza kwa kukikataa chakula chenyewe. Akaja akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, sikio lake na langu tunapokezana kile kifaa, akasema mapigo yapo sawa. Alichokuwa amelamba ni kidogo mno.

Kwa hiyo farasi alilijibu swali ambalo muuzaji alikataa kulijibu. Na mimi nikamkaripia! Hilo sijalisahau wala sitalisahau.

Siku ile ningeandika, ningelipa duka lile nyota moja kwa sababu sifuri haipo. Lakini nilisubiri, na kusubiri kumenichanganya. Ukweli ni kwamba majani yao ndiyo bora kuliko yote niliyonunua huku. Marobota ya Boma Rhodes, nyasi za kukausha, yanashushwa kutoka bara, yanavuka na lori kwenye feri ya Likoni, na yakifika yanakuwa bado na rangi ya kijani na harufu tamu, makavu mpaka katikati. Kwingine nimenunua majani yaliyokaa kwenye unyevu wa pwani mpaka yametoa koga, ukilifungua robota vumbi jeupe linakupanda puani. Farasi mzee ukimpa hayo, ukishamtibu tumbo utaanza kumtibu kifua. Duka hili huyahifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta. Mtu aliyefundisha kuweka majani juu ya mbao anajua kazi. Nikawa najiuliza ni nani, kwa maana yule kijana siye.

Ni mama mwenye duka. Alimsikia binti yangu akigomba siku ya tatu yake, akanitafuta. "Kaka yangu, niwie radhi," akasema, na akanirudishia pesa zote kabla sijadai. Akanipeleka nyuma, akanionyesha mashudu ya nazi yaliyokamuliwa karibuni, akavunja kipande akanipa ninuse na kukionja. Yalikuwa matamu, hayana ule uchachu wa mafuta yaliyovunda. Na hayo mashudu, nasema wazi mbele ya kila mtu, ndiyo yaliyomrudisha Zuhura.

Wenzangu mnaohangaika, jirani atakuleteeni mahindi, kama wangu alivyoniletea debe zima kwa nia njema. Msimpe farasi mzee mahindi kwa wingi. Ile wanga ikizidi inapita bila kumeng'enywa, inakwenda kuchachia kwenye utumbo mkubwa, na kutoka hapo ni msokoto wa tumbo au kwato kuwaka moto mpaka asimame hawezi. Mashudu ya nazi yana wanga kidogo na mafuta ya kutosha. Mimi nilianza na konzi moja kwa siku, nikaongeza taratibu kwa wiki mbili, kwa sababu wale wadudu wa tumboni wanaomsagia majani wanahitaji muda wa kuzoea kitu kipya. Nayaloweka mpaka yavimbe yawe uji mzito. Kavu simpi kabisa, asiye na magego huyabugia yakamkwama kooni.

Kwenye uji huo natia luseni, majani ya jamii ya kunde, iliyokatwa kwa mashine mpaka iwe kama majani ya chai, Boma Rhodes iliyokatwa vile vile, na pumba za ngano kidogo kwa ladha. Pumba nazibana kwa sababu zina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, zikizidi hula mifupa, na luseni ndiyo inayosawazisha. Chumvi kijiko. Mafuta ya kupikia nilianza na kijiko, sasa nimefika nusu kikombe kwa siku. Na haya yote simpi kwa mkupuo, maana tumbo la farasi ni dogo ukililinganisha na mwili wake. Nampa mara nne: alfajiri, saa tano, alasiri, na baada ya isha. Ule mlo wa mwisho wa usiku ndio mgumu. Mvua inanyesha, mgongo wangu nao si wa juzi, lakini nikichelewa huwa nasikia anagonga ndoo kwa kwato.

Kabla ya vuli nilizungusha utepe tena. Kifua 172. Kama kilo 373. Mbavu sasa lazima uzitafute kwa vidole, na nyonga zimejifunika.

Sasa nitoe hukumu gani? Niliandika nyota tatu, nikafuta. Kwa majani na mashudu na uungwana wa yule mama, ningetoa tano bila kusita. Kisha naisikia ile sauti, "Unatupa pesa tu," naona lile kopo likiteka, nafikiria mtu mwingine mwenye punda au farasi, asiye na binti wa kumsomea mshono, na farasi wake ana njaa kuliko wangu, anakula ndoo nzima na kulamba kitako. Narudi kwenye moja. Nimeacha kwenye mbili, na hata hizo zinaniwasha mkono.

Wiki hii nimekwenda tena kununua luseni. Kijana bado yupo. Mama alikuwa safarini, ikabidi tukutane sisi wawili, hakuna mtu nyuma yangu. Simu ilikuwa imelala kwenye kaunta. Akaitikia salamu. Nilipoagiza akaja na gunia begani, akaliweka chini mbele yangu, akasema bila kuulizwa, "Mzee, hii ni luseni tupu. Haina dawa. Nimesoma."

Nikamwambia ahsante, mwanangu. Kisha nikavaa miwani, nikaligeuza gunia mpaka kwenye mshono, nikasoma mwenyewe.