Mhandisi wa usafirishaji: abaki chuoni au aende barabarani?

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza uhandisi ujenzi na kupenda masuala ya usafirishaji ana njia mbili kubwa: kufundisha na kutafiti, tuseme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kuajiriwa na wakala wa barabara wa serikali, TANROADS au TARURA.

Ngazi ya chuoni ni ndefu. Mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndipo profesa. Na kupanda kunadai makala zilizochapishwa. Lakini mtafiti ana nafasi ya kuuliza yale ambayo msimamizi wa mradi hana muda nayo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Barabara ya Morogoro, jijini Dar es Salaam, mwaka 2016, maswali yalikuwa tele. Abiria anatembea umbali gani hadi kituoni? Anavukaje? Bodaboda inayomfikisha nyumbani Kimara inahesabiwa wapi? Majibu yanataka watu wasimame juani na karatasi, wakihesabu vyombo kimoja kimoja. Kazi hiyo naiheshimu mno.

Upande wa pili, matokeo yanaonekana kwa macho. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inashika barabara kuu na za mikoa. TARURA, tangu 2017, za mijini na vijijini. Unaondoka jioni lami imeshashindiliwa.

Mimi ningeanza barabarani miaka michache, kisha nirudi darasani. Aliyeona mtaro ukizibwa na mchanga wakati wa masika hawezi kufundisha mifereji kwa kanuni tupu.