Kitabu cha shilingi 350 kuhusu uwakilishi: anzeni na upande ulioshindwa

Nilikinunua Jumamosi jioni kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaopanga vitabu chini ukainama kuchagua, kwenye kijia kinachotoka barabara ya Tom Mboya, nikielekea kupanda gari la Umoja. Kijana alikuwa ameshaanza kukunja turubai. Alianzia mia tano, nami nikaanzia mia tatu, tukaelewana kwa 350. "Mathe, hicho kimekaa hapa tangu Januari," akasema. "Ukikimaliza nirudishie, nikubadilishie kwa mia moja." Sikirudishi.

Ndani yake mna mabishano ya Wamarekani wa mwaka 1787 na 1788, walipokuwa wakiamua kama waikubali katiba waliyo nayo hadi leo. Sehemu ya kwanza ni insha za waliosema ndiyo, Wafederalisti. Sehemu ya pili ni barua za magazetini na hotuba za waliosema hapana. Nimekisoma wiki saba, kurasa chache kila asubuhi kabla wateja hawajafika, kamusi ikiwa kwenye simu. Kiingereza chake ni kizito, na herufi ni ndogo hivi kwamba jua likishaanza kuzama siwezi kuzisoma. Jalada limechanika mgongoni. Hayo yote nimeyasamehe.

Mimi nauza nguo za mitumba Gikomba, na ni mjumbe katika chama chetu cha akiba na mikopo. Zamani kila mwanachama aliingia mkutano mkuu wa mwaka na kupiga kura yake mwenyewe. Tulipopita elfu mbili, ukumbi haukutosha tena, tukachagua wajumbe: mmoja kwa kila wanachama 30. Mstari wetu ulikuwa na mjumbe wake, na mstari wa kina mama wa nguo za watoto ulikuwa na wake. Mwaka juzi bodi ikaona wajumbe ni wengi na posho ni nyingi, ikaweka mjumbe mmoja kwa wanachama 100. Mimi nilipona, lakini karibu wote walioshinda nami ni wauzaji wa marobota ya jumla, watu wanaojulikana soko zima. Mama wa nguo za watoto anajulikana na majirani zake tu, na majirani zake hawafiki mia.

Kwa hiyo nilipofungua kitabu na kukuta watu wakigombana kuhusu idadi, mwili ulinisisimka. Katiba ile ilipendekeza Bunge la Wawakilishi lianze na watu 65 kwa majimbo yote 13, na isizidi mwakilishi mmoja kwa kila watu 30,000. Hata hiyo 30,000 iliponea chupuchupu. Rasimu ilisema 40,000, na siku ya mwisho ya mkutano wa Philadelphia ulioitunga katiba hiyo, tarehe 17 Septemba 1787, George Washington, aliyekuwa ameongoza kikao miezi yote bila kuchangia hoja, alisimama kuomba ipunguzwe. Wakakubali.

Msomaji wa Kenya ajihadhari na majina. Sisi tukisikia shirikisho tunafikiria majimbo, yaani chama cha KADU cha kina Ronald Ngala kilichotaka madaraka yakae mikoani. Kule Marekani walioitwa Wafederalisti ndio waliotaka serikali kuu yenye nguvu, na waliowapinga ndio waliolinda majimbo. Ukisoma bila kukumbuka hilo utawashangilia usiowakusudia. Mhariri angelisema mapema. Amelitaja ukurasa wa mwisho wa utangulizi.

Sehemu ya kwanza inaongozwa na James Madison na Alexander Hamilton, waliojificha pamoja na John Jay chini ya jina Publius na kuandika insha 85. Sina budi kuwa wa haki kwao, maana wana akili kali. Ile insha ya kumi, ya Madison, nimeisoma mara nne. Anasema jamhuri kubwa ni salama kuliko ndogo, kwa sababu ndani yake mna makundi mengi yenye masilahi tofauti, na ni vigumu kundi moja likusanye wengi na kuwakandamiza wengine. Anasema pia kwamba wawakilishi wachache waliochaguliwa vizuri huchuja matakwa ya umma. Nilitaka kumpinga, kisha nikakuta anakiri mwenyewe, katika insha hiyohiyo, kwamba ukizidisha mno wapiga kura kwa kila mwakilishi, mwakilishi huyo hatazijua vya kutosha hali zao. Na ukiwapunguza mno, atafungwa na mambo ya kijiji chake asione ya nchi. Niliweka alama hapo. Bodi yetu haikuwahi kutuambia pande zote mbili namna hiyo.

Hamilton alinikasirisha. Katika insha ya 35 anasema mafundi na watengenezaji, kwa kawaida, watawapa kura wafanyabiashara wakubwa, kwa kuwa wanajua mfanyabiashara ndiye rafiki na mlezi wao wa asili. Nilikifunga kitabu nikatazama ng'ambo ya njia. Anayeniuzia robota si adui yangu. Hunikopesha wakati mwingine, na robota likifunguliwa huniachia nichague kamera, yaani nguo zilizo bora kabisa, kabla ya wengine. Lakini yeye akipata hasara ni tofauti na mimi ninapopata hasara. Tulipojadili marejesho ya mikopo, wajumbe wa jumla walipendekeza kila mtu alipe mara moja, mwisho wa mwezi, kwa mkupuo. Kwao ni sawa kabisa. Wao hupokea pesa kwa mafungu makubwa. Sisi tunapata mia tano leo, elfu moja kesho, na siku ya mvua hatupati kitu. Mchuuzi akishika pesa ya mwezi mzima nyumbani, mtoto ataugua, karo itadaiwa, na tarehe 30 itamkuta mikono mitupu. Hakuna aliyetuonea kwa makusudi. Hawakujua tu, na hakukuwa na wa kutosha ndani ya chumba wa kuwaambia.

Hapo ndipo sehemu ya pili inaponishika, na ndiyo sababu nawashauri mwanze nayo. Mwandishi aliyejiita Brutus, katika gazeti la New York, anaanza Oktoba 1787 kuuliza kama nchi kubwa kiasi kile yaweza kweli kuwa jamhuri moja huru, na baadaye anasema wawakilishi lazima wafanane na wanaowawakilisha. Patrick Henry wa Virginia anauliza nani aliwaruhusu walioitunga katiba waandike "Sisi watu" badala ya "Sisi majimbo". Hotuba yake inatikisa, ingawa ina maneno mengi kuliko hoja.

Aliyeandika kama aliyewahi kukaa nasi Gikomba ni Melancton Smith. Juni 1788, kwenye mkutano wa jimbo la New York wa kuamua kama waikubali katiba, uliofanyika Poughkeepsie, akimkabili Hamilton ana kwa ana, alisema wawakilishi wafanane na wanaowawakilisha, wawe picha ya kweli ya watu, wajue hali zao na mahitaji yao, na waone uchungu wa dhiki zao zote. Alionya kwamba viti vikiwa vichache, watakaoshinda ni wenye majina makubwa, na mkulima wa kawaida hatafika. Hilo nimeliona kwa macho yangu, katika chumba chenye viti vya plastiki.

Kisha inakuja sehemu iliyonikosesha usingizi. Wapinzani waliingia mkutano ule wakiwa 46 dhidi ya 19. Wakiwa bado wanajadili, habari zikafika kwamba New Hampshire imekubali tarehe 21 Juni na kutimiza majimbo tisa yaliyohitajika ili katiba ianze kazi, na kwamba Virginia nayo imefuata. New York ikiendelea kukataa ingebaki nje. Tarehe 26 Julai ikakubali kwa kura 30 dhidi ya 27, na Smith alikuwa kati ya waliopiga ndiyo, akitumaini marekebisho yatakuja baadaye. Je, aliwasaliti waliomtuma? Mimi pia nilitumwa nikatae yale marejesho ya mwisho wa mwezi. Chumbani tukaambiwa bila kanuni hiyo hakuna mikopo mipya kabla ya Krismasi. Nikainua mkono kukubali, kwa ahadi kwamba kanuni itapitiwa upya baada ya miezi sita. Imepita kumi na minne.

Ahadi ya kina Smith ilizaa matunda kiasi. Bunge lilipeleka kwa majimbo marekebisho 12. Kumi yakapita mwaka 1791, yale yanayolinda uhuru wa kusema, wa dini na mengine. Lakini la kwanza kabisa katika orodha ile, lililohusu idadi ya watu kwa kila mwakilishi, halikupita. Leo Bunge lile lina wawakilishi 435, idadi ya tangu 1913, na kila mmoja ana watu zaidi ya laki saba. Sisi Nairobi, kwa sensa ya 2019, tulikuwa 4,397,073 kwa maeneobunge 17: karibu watu 259,000 kwa kila eneobunge. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920 na maeneobunge mawili. Katiba yetu inaruhusu tofauti kwa sababu kama jiografia na uchache wa watu, na sina neno na watu wa Lamu. Nasema tu hesabu hizi si za Wamarekani peke yao.

Kasoro kubwa ya kitabu ni mizani. Walioshinda wamepewa zaidi ya kurasa mia tatu, walioshindwa mia moja na kidogo, na hotuba ya Smith imekatwa katikati kwa nukta tatu. Hakuna mwanamke hata mmoja, na binti yangu anayesoma chuo ameniambia Mercy Otis Warren aliandika kijitabu cha kuipinga katiba ile mwaka 1788, kwa jina la kubuni. Kuhusu watumwa, waliohesabiwa kama tatu kwa tano ya mtu ili wamiliki wao wapate viti zaidi, kuna tanbihi moja. Katika kitabu cha uwakilishi, hilo lilistahili sura nzima.

Hata hivyo kwa 350 nawaambia kinunueni mkikiona. Kurasa nne za Smith nimezitoa nakala ishirini, shilingi tano kila ukurasa, na pembeni nimeandika maana yake kwa Kiswahili. Nimezigawa mstari wa nguo za watoto. Mkutano ni Machi, na hoja ya kurudisha mjumbe mmoja kwa wanachama 30 tayari ina sahihi 61.