Mikeka ya povu ya sakafu kwa deraya ya Master Chief: uzoefu wangu hapa Lamu

Hukumu kwanza. Mikeka ya povu ya kuunganisha, ile ya mraba yenye meno pembeni ambayo watu huwatandikia watoto, inafaa kabisa kutengenezea deraya ya Mjolnir anayovaa Master Chief, askari wa michezo ya video ya Halo, isipokuwa kofia. Kwa kofia usihangaike nayo. Na ukiifanyia kazi hapa Amu (Lamu), kitakachokusumbua si povu. Ni unyevu wa hewa unavyoiharibu gundi.

Ninayoizungumzia ni mikeka ya sm 60 kwa 60, unene wa mm 10 hadi 12, inayouzwa pakiti ya vipande vinne. Ni povu la EVA, jamii moja na soli za ndara nyingi. Upande mmoja ni laini na wa pili una michoro ya almasi au mistari. Michoro ikae ndani, ulaini nje. Dukani bonyeza kwa kidole gumba. Povu zuri hurudi mara moja. Linalobaki na shimo ni jepesi, ndani limejaa hewa tupu, na ukilipiga msasa linatoa nyuzinyuzi badala ya kulainika. Mzigo unaovuka kwa boti kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, mara nyingi umefungwa kwa kamba au umekunjwa. Mkunjo hupona ukipashwa moto, ila alama ya kamba iliyokaa muda mrefu haitoki yote, kwa hiyo sehemu hiyo kata vipande vidogo vidogo. Rangi ya mkeka haijalishi sana kwa kuwa utapaka juu yake, lakini nyeusi au kijivu ni bora: rangi ikichubuka, haionekani waridi chini yake.

Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, nunua pakiti tano, yaani mikeka 20. Meno yakikatwa, kila mkeka unabaki na sm 56 hivi za kutumia. Urembo wa juu, kama vile vifuniko, mistari na vibamba vidogo vya kifuani, unataka povu jembamba la mm 2 hadi 5. Lile la A4 la mm 2 linalouzwa kwenye maduka ya vitabu kwa kazi za sanaa za watoto linatosha. Gundi lita mbili. Pesa nyingi zitakwenda kwenye gundi na rangi kuliko kwenye povu, jambo ambalo wanaoanza hawalitarajii.

Pateni nyingi za kukatia deraya hii ziko kama faili za Pepakura, programu ya Kijapani inayochukua modeli ya kompyuta na kuilaza iwe karatasi bapa. Hapo ndipo deraya nyingi zinapofia, kwa sababu karatasi haina unene na povu linao. Bomba lenye ukuta wa sm 1 lina mzunguko wa ndani mdogo kuliko wa nje kwa sm 6.3. Kwa hiyo kigasha chenye mzunguko wa sm 28 mahali pake panene kinataka bomba la nje la sm 37: 28 za mkono, 6 na kidogo za povu, na 3 za nguo na hewa. Gawa kwa 3.14, upana wake unakuwa sm 11.8. Namba hiyo ndiyo ya kuiweka kwenye programu, si ile uliyopima kwa tepu ya fundi cherehani. Paja na muundi vifuate hesabu hiyohiyo. Kwa kifua, pima upana wa mabega na urefu kutoka shingoni hadi juu ya kitovu, kisha ujaribu kuinama ukiwa umeshikilia kipande cha boksi la ukubwa huo. Kikikukata tumboni, punguza urefu kwa chini.

Ukienda kuchapa, mwambie wa kompyuta achape ukubwa halisi, asiache mashine ibane ukurasa uingie kwenye karatasi. Pima mstari mmoja kabla hujalipa. Mstari wa sm 10 ukitoka sm 9.6, bamba la kifua la sm 50 limekuwa 48, na kosa hilo halionekani mpaka siku ya kuvaa. Kata vile vikunjo vya kugundishia vya karatasi, kwenye povu havina kazi. Kisha kila mshono unaokutana utie alama za kalamu kila baada ya sm 5, zikivuka pande zote mbili. Alama hizo utazihitaji sana wakati wa gundi.

Kukata: kisu cha wembe kile cha kuvunja ncha, na jiwe la kunolea karibu. Povu huua makali haraka kuliko mbao. Usikandamize ukate kwa mkupuo mmoja, kwa sababu wembe hupinda ndani na ukingo unatoka na tumbo. Vuta mara mbili au tatu kwa mkono mrefu. Panapotakiwa kona kali, laza wembe nyuzi 45 pande zote mbili ili vipande vikutane bila mwanya.

Kabla ya kugundisha, kila kipande kipashwe kwa mashine ya hewa moto. Kikausha nywele hakifiki. Shikilia sm 10 hadi 15 kutoka kwenye povu na usisimame mahali pamoja. Utaona uso unabadilika kutoka ufifi kuwa na mng'ao mdogo. Mng'ao huo ni matundu ya juu yakijifunga, na ndio unaoizuia rangi isinywewe. Ukisikia harufu kama ya siki, umeshavuka mpaka, povu linaungua. Likiwa bado moto, lipinde: kifua juu ya sufuria kubwa iliyofunikwa, bega juu ya goti, kisha ulishikilie mpaka lipoe kabisa. Ukiliachia mapema, linarudi nusu njia. Mashine ya wati 2,000 inakula zaidi ya ampea 8, hivyo kunjua waya wote wa kurefusha umeme, usiuache umeviringwa. Inverta ndogo ya sola haiwezi kuiendesha.

Sasa gundi. Ni ile ya mkebe wanayotumia mafundi viatu, na ukimwona fundi viatu akifanya kazi umeshajifunza nusu. Pande zote mbili zipakwe, tabaka jembamba. Ukingo uliokatwa hunywa gundi, basi ya kwanza iache ikauke dakika 15 hadi 20, paka ya pili, ngoja dakika 10. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikivuta uzi, bado. Ikinata bila uzi, iko tayari. Anza kubana kutoka ncha moja ukifuata zile alama za kalamu, sentimita kwa sentimita. Ikishashikana hakuna kusogeza.

Inavyoharibika hapa kwetu ni hivi. Gundi ikikauka, kiyeyushi chake hupaa na kuupoza uso wa povu. Hewa ikiwa imejaa maji, kama masika au jioni za kusi, unyevu huganda juu ya gundi na kuacha ukungu mweupe. Mshono huo utashika leo na kufunguka kesho ukiinua mkono. Dawa ni saa: gundisha kati ya saa tano na saa tisa mchana, kwenye daka (baraza ya mlangoni) au kiwanda (ua) cha nyumba penye upepo lakini bila jua la moja kwa moja. Ukungu ukitokea, usibane wala usiongeze gundi juu yake. Acha ikauke kabisa, ipashe moto kidogo mpaka inate tena, ndipo ubane kwa nguvu. Kazi ikifanyika kaskazi, Disemba hadi Machi, tatizo hili hupungua sana.

Gundi hii ina kiyeyushi kinacholipuka kwa moto na mvuke unaolevya. Mashine ya hewa moto isikaribie mshono mbichi, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa ile ya raba yenye vichungi vya mvuke wa kemikali. Mkebe ufungiwe mbali na watoto.

Kuhusu kofia, povu la mm 10 haliwezi kushika zile kona kali za uso wa Master Chief. Linatoka la duara, kama boga. Hapa Lamu tuna bahati ambayo mtu wa bara hana: mafundi wa boti za faiba. Chapa kofia kwenye karatasi ngumu ya gramu 200, iunge kwa supaglu, ndani weka vijiti vya kuikaza ili isipinde, kwa kuwa karatasi ikilowa rezini, ule utomvu wa kemikali wanaotumia mafundi hao, hulegea. Nje paka rezini tabaka mbili nyembamba. Ikikauka, ndani laza faiba ya nyuzi (si ile mikeka ya povu) vipande vya kiganja, tabaka mbili. Hadena, dawa ya kuigandisha rezini, iwe asilimia 1 kwa joto letu: gramu 1 kwa gramu 100 za rezini. Ukifika asilimia 2 mchana wa Januari, itakugandia koponi kabla hujamaliza upande mmoja. Usichanganye zaidi ya gramu 100 kwa mara moja, kwa sababu rezini nyingi kwenye kopo hujipasha yenyewe mpaka ikatoa moshi. Vaa miwani, hadena ni hatari kwa jicho. Na kama kikoleza cha kobalti kinauzwa kando, kitie kwenye rezini kwanza na ukoroge, hadena baadaye. Viwili hivyo vikikutana vyenyewe hulipuka.

Kioo cha uso cha rangi ya dhahabu, tumia cha helmeti ya bodaboda chenye mng'ao wa kioo, kata kwa dreli ndogo na ukigundishe kwa ndani. Kitafunga ukungu kwa pumzi. Sabuni ya vyombo kidogo sana ikipakwa na kufutwa husaidia kwa muda, lakini feni ndogo ya volti 5, mm 40, ikiunganishwa na pawabenki, ndiyo inayomaliza tatizo. Bila feni, usivae kofia hiyo.

Mianya ya mishono ijazwe kwa sila ya akriliki na kulainishwa kwa kidole kilicholowa. Silikoni hapana, rangi haishiki juu yake. Kisha tabaka la kufunga povu. Wengi hutumia gundi nyeupe ya mbao, sehemu mbili kwa moja ya maji, tabaka nne au tano. Ni rahisi na inapatikana, ila jasho la Lamu huilainisha ikawa nyeupe na kunata kwapani na nyuma ya magoti. Tafuta ile iliyoandikwa kuwa inastahimili maji, au rangi ya mpira ya kupuliza, ambayo mara nyingi huagizwa Mombasa. Rangi ya mafuta ya kawaida ya dukani haiyeyushi EVA kama inavyoyeyusha lile povu jeupe la maboksi ya televisheni, lakini ikikauka haikunjiki. Pinda kiwiko mara chache, nyufa zinatokea. Akriliki ya maji ndiyo yangu: nyeusi chini, kijani cha kijeshi juu, fedha kwenye kingo kwa sponji kavu, halafu nyeusi iliyozimuliwa kwa maji ipakwe na kufutwa ili ibaki kwenye mifereji. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya iache kuonekana mkeka.

Mikanda: nailoni ya mabegi ya mm 25 na bizimu za plastiki. Za chuma zitaota kutu kwa hewa ya chumvi. Usigundishe mkanda juu ya povu tupu. Toboa mwanya, upitishe, ndani uuzibe kwa kipande kingine cha povu cha sm 8 kwa 8. Kifua na mgongo viungwe mabegani kwa mikanda na ubavuni kwa lastiki, la sivyo hutavuta pumzi vizuri. Mapaja yaning'inie kwenye mkanda wa kiunoni, kwani vya kubana mguuni hushuka ukitembea. Nje ya nyumba, mabega mapana ya deraya hii ni taabu katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, hasa punda akija mbele. Bega lifungwe kwa velkro ili likipigwa litoke badala ya kuchanika.

Povu hili halipitishi hewa wala maji, ndiyo maana linaelea. Ndani yake kuna joto kali: nusu saa, vua, kunywa maji. Usipande mashua ukiwa umevaa. Ukianguka majini, mapaja na miundi vitaelea juu na kichwa kitashuka, na bizimu zote zile hazifunguki kwa pupa.

Mabaki ya povu yasitupwe ufukweni, hayaozi. FlipFlopi, dau lililojengwa hapahapa Lamu kwa plastiki iliyochakatwa upya na kushushwa majini 2018, lilifunikwa kwa ndara takriban 30,000 zilizookotwa pwani, povu la ukoo huuhuu. Vipande vidogo vinafaa kuwekwa ndani ya kofia na mabega kama mto.

Kuhifadhi: kivulini, vikiwa vimetundikwa, si chini ya bati na si kwa kurundikana, kwa sababu joto hulegeza gundi na uzito huacha bonde lisilotoka. Mikeka naipa nyota nne kati ya tano kwa kiwiliwili na miguu, moja kwa kofia. Mwenye wasiwasi aanze na kigasha kimoja: nusu mkeka, mshono mmoja, na hesabu yote ya unene iko humo.