Uzoefu wangu Rondo, na mtu aliyeshindwa kumwamkia mama yangu

Naandika nikiwa bado na hasira, na safari yenyewe ilikuwa ile likizo ya katikati ya mwaka. Sasa hivi watu wameshaanza kuokota korosho, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe hasira hii ina muda gani. Waliotupeleka sitawataja. Wana ofisi mjini hapa Mtwara, wana fulana zenye nembo, na ukurasa wao umejaa picha za twiga, wakati kule walikotupeleka ni msituni na twiga hata akitaka hapiti.

Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mama yangu mzazi. Safari yote ilianzia kwa mama. Ni Mmwera wa Rondo, ule uwanda wa juu mkoani Lindi, kazaliwa kule kule, na baba yake alikuwa kibarua wa mbao enzi za mkoloni, walipokuwa wanaangusha mivule na kuishusha pwani. Akaolewa Mikindani, akakaa. Kila akishikwa na homa anaizungumzia baridi ya Rondo kama vile anataja dawa. Nikasema basi, wajukuu wakauone msitu wa bibi yao, naye akanyooshe miguu. Tungeweza kwenda wenyewe, ndugu wapo. Ila niliona kwenye tangazo lao kuna matembezi ya usiku ya kumtafuta komba wa Rondo, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, nikanasa hapo hapo. Elfu themanini kwa kichwa, pamoja na kichwa cha mama. Hilo la kichwa cha mama naomba mlikumbuke.

Walitufuata asubuhi wakiwa wamechelewa saa nzima. Noah mbili, moja yetu na nyingine ya familia iliyotoka Dar. Mnazi Mmoja tukanywa chai, Mtama watoto wakanunuliwa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, halafu tukaacha lami na kuanza kupanda. Joto likawa linabaki chini kidogo kidogo. Mama alifungua kioo akatoa mkono nje, akakaa hivyo hivyo bila kusema neno mpaka tulipofika.

Palipoharibika ni pale tulipokusanyika kabla ya kuingia. Kiongozi wa msafara, kijana wa miaka thelathini hivi, kofia kichwani, mswaki mdomoni, alikuwa anahesabu watu kwa kidole. Kwa kidole, jamani, kama yuko mnadani anahesabu mbuzi. Alipofika kwa mama, kidole kikasimama.

"Na huyu bibi naye anaingia? Huyu atatuchelewesha. Akae kwenye gari."

Hakuna shikamoo, hakuna za safari, hata "mama" hakuna. Mama akamtazama, akaweka kitenge chake vizuri begani, akajibu kwa sauti ya chini:

"Marahaba, mwanangu."

Wale wa Dar walishindwa kujizuia. Baba watoto akainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa makubazi. Mwenyewe aliyejibiwa hakuelewa kitu. Akaendelea kuhesabu.

Mimi nimelelewa Mikindani. Kwetu hata anayekuja kukudai anakuamkia kwanza, ndiyo anakutukana. Nikamwambia huyu ameshalipiwa kama wengine. Akasema suala si hela, suala ni muda. Muda! Yeye! Hapo ningesema mengi, ila mama alinishika mkono.

Aliyetuokoa ni kijana wa pale kijijini, ambaye wao wanamwita "msaidizi". Alikuja akiwa na panga na kandambili, akainama, akachukua kibegi cha mama. "Shikamoo bibi. Twende taratibu, msitu hauhami." Nilikuwa nimepanga kutoa nyota moja. Kwa ajili yake niliongeza tatu, halafu baadaye nikamuuliza wanamlipa kiasi gani kwa siku, nikaziondoa zote.

Basi tukagawanyika. Bwana Muda mbele na kundi kubwa, sisi wanne nyuma: mama, mimi, kitinda mimba wangu na yule kijana. Mbele kule mkobani mwake alikuwa ametundika spika, singeli inalia. Singeli naipenda, nimeicheza harusini hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Lakini msituni? Kima walikuwa juu yetu kweli, tuliwasikia wakipiga kelele ya hatari, matawi yakatikisika, basi. Sisi tuliona mikia. Kundi la mbele nadhani halikuona hata hiyo.

Kuhusu msitu wenyewe, tangazo lilisema "msitu wa mvua, Kongo ndogo". Si uongo mtupu, ila msijiandae kwa Kongo. Huu ni msitu wa pwani uliopanda mlimani. Kuna sehemu ni kiza mchana, mizabibu ya porini minene kama mkono wa mtu, mvule umesimama peke yake kama mnara wa simu. Ukienda mbele kidogo ni kichaka kikavu, majani yamepukutika kwa sababu ni kiangazi. Halafu kuna misonobari ya kupandwa, imepangwa mistari kama wanafunzi. Mama alikuwa anasimama kila mahali. Huu tulichemshia kikohozi. Huu ulikuwepo, yule pacha wake haupo tena. Kweli alituchelewesha. Nilifurahi kila dakika aliyotuchelewesha.

Na ndivyo tulivyomwona sange. Ni mnyama ambaye ukimsimulia mtu anadhani umetunga: mwili kama panya mkubwa, miguu myembamba kama ya paa, na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Alikuwa hatua kumi hivi kutoka kwetu, anapekua majani makavu kwa pua hiyo, kwa haraka, kama mtu aliyedondosha funguo. Kitinda mimba akafungua mdomo apige kelele, bibi yake akauziba kwa kiganja chenye harufu ya ming'oko. Tukatazama labda dakika mbili. Halafu akaruka, majani yakalia kwa mbali, kimya.

Mwanangu wa kati alikuwa mbele. Huyo alichoona ni upupu. Aliokota lile ganda lenye manyoya ya rangi ya dhahabu kwa sababu ni zuri, na hakuna mtu aliyemwambia usiguse. Elfu themanini, na hakuna wa kumwambia mtoto "usiguse". Tulimsikia kabla hatujamwona. Bwana Muda alikuwa anamwagia maji ya chupa, mtoto anajikuna, anajisambazia mwenyewe mpaka shingoni. Mama ndiye aliyemshika mikono, akamkokota hadi jikoni kwa watu, akamsugua kwa majivu ya moto uliozimika. "Wewe nawe," akamwambia, "ungekaa kwenye gari."

Sasa usiku, na hapa ndipo hasira yangu inapoteleza. Mama alikuwa amechoka, akasema nendeni, mimi naota moto. Nikaenda nikiwa nimeshaandika maoni haya kichwani, kila neno. Bwana Muda alikuwa na tochi kama taa ya lori, anamulika juu ya mivule, juu, juu zaidi. Tulitembea nusu saa shingo zimepinda. Hakuna kitu. Mara tochi ikafifia, ikawa nyekundu, ikazima. Alisahau kuichaji! Wale wa Dar wakaanza kunung'unika, mimi moyoni nikashangilia.

Tukasimama gizani. Kijana wa kijijini akasema, kwa upole tu, "Kaka, huyu hakai juu. Yuko chini, vichakani." Akafunga kitochi chake kidogo kwa kitambaa chekundu. Tukangoja. Kisha tukasikia mlio: miwili miwili, unarudia, kama mtu anayefungua na kufunga mlango mbovu wa kabati. Akamulika usawa wa kiuno changu. Macho mawili.

Sitaweza kueleza vizuri. Alikuwa amekumbatia kijiti kilichosimama wima, mdogo kuliko ngumi yangu. Kijana akanong'ona kwamba uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na kwamba duniani kote yuko Tanzania tu, kwenye misitu michache inayohesabika: hapa, Litipo, Chitoa, Ziwani ya kwetu Mtwara, halafu vipande vilivyobaki huko Pugu, Pande na Zaraninge. Mkia wake umetawanya manyoya kuelekea nchani. Binti yangu mkubwa akasema, "Kama burashi ya kuoshea chupa ya mtoto," na ndivyo ulivyo hasa. Akaruka kutoka kijiti hadi kijiti, akashika mdudu kwa mikono miwili, akamtafuna akitutazama. Sisi wa pwani tunasema mtu amelewa kama komba. Huyu hakuwa mlevi, alikuwa kazini.

Nikageuka, nikamwona Bwana Muda. Amechuchumaa, kavua kofia, kaishika kifuani. Baadaye akamwambia kijana, "Sikuwahi kumwona." Nilijikuta namhurumia, na mtu unayemhurumia utamtukanaje? Njiani kurudi nilikuwa nimeshamsamehe nusu. Kama wangeniuliza wakati ule ningewapa nyota tano na machozi juu.

Nikakimbilia kwa mama kumsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hao? Tulikuwa tunawasikia hapo nyuma ya choo tangu Isha."

Asubuhi, wakati wa kuagana, nikasema nimpe mtu nafasi. Nikasimama na mama karibu na Noah, nikangoja. Akaja, akampa mkono baba watoto, akampa mkono yule baba wa Dar, akafungua mlango wa gari, akasema, "Bibi, panda basi, tunachelewa." Ile nusu niliyosamehe nikairudisha yote.

Kwa hiyo ushauri wangu: Rondo nendeni, tena mpeleke watoto, ila tafuteni kijana wa kule kule na hela muitie mkononi mwake. Hawa waacheni. Ingawa wale wa Dar wameniambia wanarudi nao tena, na sikupata la kuwajibu, maana bila lile tangazo lao hata mimi nisingejua kuna kiumbe cha aina hiyo saa chache tu kutoka kwangu.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika, juzi nikaona kwenye wasapu wameweka picha. Ni mama, amesimama chini ya mvule, na maandishi makubwa: "Tunawapokea wazee wetu kwa heshima zote." Nilipandwa na mori nikaenda moja kwa moja kwake na simu mkononi, nikamwambia mama, tazama watu hawa.

Akavaa miwani, akaitazama sana. Akasema niwaombe wamtumie ile ambayo haijakatwa, kitenge chake hapo hakionekani chote.