Begi la mtoto la umbo la bibo kutoka kwa fundi wa sokoni Mtwara: maoni yangu baada ya kulitumia

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: kama una mtoto wa miaka mitatu mpaka sita na uko Mtwara, achana na mabegi ya katuni ya dukani, nenda kamshonee. Kuna fundi mmoja, mama mtu mzima, anakaa kibarazani maeneo ya Soko Kuu, mafundi cherehani wako wengi pale ila yeye utamjua tu kwa mabegi aliyoning'iniza mbele, kuna kasa ambaye gamba lake limeungwa vipande vipande vya vitenge tofauti, kuna pweza, kuna samaki ambaye zipu ndo mdomo, yani ukipita na mtoto lazima asimame. Jina lake siweki hapa, hapendi kutangazwa, lakini ukiulizia fundi wa mabegi ya watoto utaonyeshwa.

Sisi katushonea bibo. Ndiyo, bibo lenyewe, tunda la mkorosho. Jekundu lenye michirizi ya njano, juu kuna kikonyo cha kijani ambacho ndo kishikio, afu chini inaning'inia korosho ya kijivu iliyojazwa sponji kidogo na yenyewe ina kimfuko na kizipu chake. Mbele macho mawili na mdomo unaocheka. Mwanangu ana miaka minne na tangu avalishwe hilo begi la chekechea anaamka mwenyewe, sitanii, mwenye mtoto mgumu wa asubuhi ataelewa ninachosema.

Kilichonifanya nimkubali huyu mama ni kwamba hakutaka kuongea na mimi kwanza. Nilifika na picha kwenye simu, akaitazama kidogo akanirudishia, akasema "mama, mlete mwenyewe mwenye begi." Nikamleta. Akamkalisha kwenye kile kigoda chake, akamuuliza "haya mjukuu wangu, begi lako liweje?" Mtoto akasema bibo. Mimi nilitegemea aseme gari au mwanasesere. Fundi wala hakucheka, akamuuliza kwa utaratibu kabisa "bibo lenye korosho yake au lililonyofolewa?" na mtoto akafikiri pale, akasema lenye korosho, na kwenye korosho nitaweka karanga. Basi ndo ikawa hivyo, na kile kimfuko cha korosho mpaka leo kinakaa karanga. Jamani kuna watu wana kipaji cha kumsikiliza mtoto, na sio kwa kumchekea chekea, anamsikiliza kama anavyomsikiliza mteja mwingine yeyote.

Afu akachukua tepu akampima. Hapa nataka niongee kwa kirefu maana ndo tofauti kubwa na mabegi ya kununua. Alimpima toka begani, pale mfupa wa shingo unapoishia, mpaka kiunoni, ikatoka inchi 11, akapima upana wa mgongo bega kwa bega, akasema begi halitakiwi kupita hapo wala kushuka chini ya kiuno, likishuka linampiga matakoni akitembea na linamvuta nyuma. Ukiangalia watoto wa chekechea asubuhi utaona wengi wamebeba begi linaloanzia kisogoni linaishia kwenye magoti, mtoto ameinama mbele kama amebeba kuni. Wataalamu wa afya za watoto wanashauri begi likiwa na vitu vyake lisizidi asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa mtoto, sasa mtoto wa kilo 16 hapo unazungumzia kilo 1.6 mpaka 2.4, na chupa ya maji ya nusu lita peke yake ni nusu kilo, weka na chakula, weka daftari mbili, umefika. Kwa hiyo begi dogo sio ubahili, ndo saizi yake. Na begi kubwa lazima litajazwa tu, mwanangu akiachiwa nafasi anaweka mawe.

Sasa ushonaji wenyewe. Nilikaa pale nikaangalia maana mi mambo ya cherehani nayapenda. Kitenge ni pamba nyepesi, ukikishona hivihivi begi linalegea na lile umbo linapotea siku hiyohiyo, kwa hiyo alikata pateni kwenye gazeti, akakata kitenge, nyuma yake akapigia pasi gamu stifu, kile kitambaa kigumu kinachoshika kwa joto la pasi, katikati akaweka sponji nyembamba na ndani bitana ya njano. Kuhusu bitana akaniambia haweki rangi nyeusi maana mtoto akifungua begi anaona giza tu, hapati kitu chake, anamwaga vyote chini. Sikuwahi kufikiria hilo! Na kweli sasa hivi anapata penseli yake mwenyewe.

Kwenye mzunguko wa bibo, ukishaunga vipande, anachanja chanja ule ukingo kwa ncha ya mkasi kabla ya kugeuza, bila kugusa mshono, ukiruka hiyo hatua mviringo unatoka na kona kona na unavutana. Uzi anatumia wa polista, sio wa pamba, kwa sababu wa pamba ukikutana na jasho na jua la huku unaoza mapema. Sindano namba 16, kwenye yale matabaka mazito ya mikanda hakanyagi cherehani kwa miguu, anazungusha gurudumu kwa mkono taratibu tundu kwa tundu ili sindano isikatike. Mikanda yenyewe ni ile ya nailoni ya inchi moja, ncha kaziunguza kwa mshumaa zisifumuke, na sehemu inayokaa begani kaivalisha kitenge na sponji ikawa pana kama inchi mbili hivi, haimkati mtoto. Afu pale mkanda unapoungana na begi, yani pale ndo begi lolote linapofia, mkanda umeingizwa ndani ya mshono sio kubandikwa juu, halafu kapiga mraba na ndani ya mraba akapiga X. Nimeuvuta kwa nguvu zangu zote. Hauendi popote.

Begi tulilokuwa nalo kabla, la dukani, simtaji muuzaji, lilikuwa la elfu 18 na lina picha ya katuni inayong'aa, mkanda ulikuwa umeshikwa na mstari mmoja tu wa uzi, ukakatika muhula haujaisha, na ile picha ikaanza kubanduka magamba magamba. Ukimpelekea fundi anakwambia mama hapa hakuna pa kushika, kitambaa chenyewe kimechanika. Hili la bibo likichanika popote naweza kurudi kibarazani na kipande cha kitenge kilekile maana mabaki nimeyatunza.

Zipu ni ya plastiki namba 5. Nilitaka ya chuma kwa sababu inapendeza, akakataa, akasema huku pwani chuma kinakula kutu kwa hii hewa ya chumvi, baada ya muda zipu inakwama na mtoto anailazimisha mpaka inang'oka. Kwenye kichwa cha zipu kafunga jani dogo la mkorosho la kitambaa, ni pambo lakini pia vidole vidogo vinapata pa kushika. Mtoto anafungua na kufunga bila kuomba msaada, walimu wa chekechea wenye watoto arobaini darasani watakushukuru kwa hilo.

Kuna mambo hayajanipendeza na lazima niyaseme.

La kwanza ni muda. Aliahidi Jumamosi, Jumamosi nimefika nikakuta bado vipande vipo kwenye mfuko, na ikawa hivyo tena mara nyingine kabla sijalichukua. Namuelewa kwa sehemu, tulienda msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa na wakulima wakianza kulipwa kila mtu Mtwara anashona, sare, magauni ya harusi, mashuka, na yeye hana msaidizi. Ila mtoto wa miaka minne ukimwambia kesho anaamini ni kesho. Ningependa aseme ukweli toka mwanzo kwamba itachukua wiki mbili, watu wangesubiri tu.

La pili, macho. Kawaida yake anaweka vifungo vikubwa, vinapendeza sana kwa kweli, lakini kwetu kuna mdogo wake anayetambaa na kila kitu kinaenda mdomoni, kifungo kikichomoka ni hatari ya kumkaba. Nilimuomba atarizi macho kwa uzi na akakubali bila kinyongo, yametoka mazuri vilevile. Lakini hakulisema yeye, nimelisema mimi, kwa hiyo wewe unayeenda liseme mapema. Hivyo hivyo kama unataka mfuko wa chupa ya maji pembeni, usipoagiza haweki, na chupa ikikaa ndani na daftari unajua kitakachotokea.

La tatu ni mvua. Kitenge na sponji vinakunywa maji. Mvua zetu zikianza kuanzia Novemba, Desemba hivi mpaka Aprili hili begi linahitaji mfuko wa nailoni ndani au ulifunike. Nilimuuliza kama anaweza kuweka turubai jepesi katikati ya kitenge na bitana, akasema inawezekana kwa sehemu ya chini tu, juu itafanya begi liwe gumu na cherehani yake inapata shida. Kwa begi linalofuata nitaomba hiyo ya chini, hata kwa ajili ya kukaa kwenye sakafu yenye unyevu.

Kufua, fua kwa mkono na maji ya baridi, usiloweke usiku kucha maana ule wekundu unatoka na kuingia kwenye njano, anika kivulini likiwa limegeuzwa nje ndani. Sponji inachelewa kukauka kwa hiyo fua Ijumaa jioni, Jumatatu liko tayari. Na kitenge kipya kifue kabla hujampelekea akate, pamba inarudi, ukikata kwanza ukafua baadaye begi linavutika na bitana inabaki kubwa ndani. Yeye hukumbusha wateja hilo, nampa maksi.

Nimeshamkataza mwanangu kuweka mabibo ya kweli humo ndani, maana maji yake yakigusa kitambaa doa halitoki, kila mama wa huku analijua hilo. Korosho zenye ganda ndo kabisa, yale mafuta ya ganda yanababua ngozi, na mtoto akishakuwa na begi la bibo kila korosho anayoiona chini anataka kuiokota. Ongea naye mapema.

Bei sasa. Ufundi alichukua elfu 15, zipu, mikanda, sponji, gamu na uzi vikawa elfu 8, kitenge nilikuwa na mabaki ya nyumbani, begi halihitaji hata yadi moja ya rangi kuu. Ukimwachia kila kitu atafute mwenyewe anachukua elfu 28. Kuna watu wananiambia mbona mtumba upo, begi zuri la elfu 5, na sibishi, mitumba mingine ni imara kuliko hata hili, lakini nyingi ni za wakubwa, mikanda ukiibana mpaka mwisho bado mirefu, na hakuna mtumba wenye bibo. Kwa mtoto wa darasa la pili kwenda juu mwenye madaftari ya masomo yote, hapo nakubali tafuta begi la kawaida lenye nafasi, hili litamuelemea na litachanika. Hili ni la umri wa chekechea na awali, umri wa chupa, kitafunio, daftari moja na vitu vya siri vya mtoto mwenyewe.

Ubunifu nampa tano kwa tano, uimara nne na nusu, muda mbili tu.

Dada zangu wa Lindi mlioniuliza, anapokea oda na begi linaletwa na basi, ila anataka vipimo vitatu kwa inchi, bega mpaka kiuno, upana wa mgongo, na mzunguko wa mkono karibu na kwapa ili mikanda isimbane. Mpime akiwa amevaa nguo ya shule na amesimama wima. Mpige simu ukiwa na mtoto pembeni maana atakuomba umpe simu aongee naye, msishangae. Oda za kufungua shule Januari anaacha kupokea kabla ya Krismasi, wahini.